Usiishie kwenye Takadini

Muulize kijana wa Mandawa, Ruangwa, aliyemaliza kidato cha nne amesoma riwaya ngapi. Atakutajia Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Wahusika, dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, vyote atakumwagia bila kugugumia, kwa sababu alivikariri mpaka usiku wa kuamkia mtihani. Sasa muulize riwaya ya nne. Hapo atacheka kidogo na kubadilisha mazungumzo. Mtihani ulipokwisha, riwaya nazo ziliishia hapohapo. Vitabu vilirudi kwa mwalimu, yeye akaingia kwenye kupulizia mikorosho salfa, kwenye bodaboda, kwenye kubangaiza kama wenzake, na jina la mwandishi halikumtoka tena mdomoni.

Kijana huyo ndiye ninayemwandikia, na dada yake, na mama yao, na mjomba wao aliyeishia darasa la saba lakini mpaka leo akipewa vitumbua vimefungwa kwenye gazeti, hula vitumbua na kusoma gazeti lote. Nina jambo moja la kuwaambia: hamjaanza bado. Riwaya tatu za shuleni ni kibaraza. Nyumba ya riwaya ya Kiswahili ina vyumba vingi, na kimojawapo ni chako wewe.

Na msiniambie watu wa Mandawa hawapendi hadithi. Piteni kwenye kibanda umiza jioni muone vijana walivyobanana kwenye mabenchi, filamu inatafsiriwa kwa sauti ya juu, na hakuna anayekubali kunyanyuka kabla hajajua nani kamuua nani. Kaeni na bibi anapopepeta mbaazi msikie mjukuu anavyomkatisha: "Ehe bibi, halafu?" Anayeuliza "halafu" ana kila kitu anachohitaji msomaji. Kilichokosekana ni kitabu kinachomfaa mkononi. Shuleni riwaya ilikuja imefungwa pamoja na maswali yake, tukazoea kusaka dhamira kabla hatujaonja utamu. Basi sasa tuonje utamu kwanza. Dhamira itakuja yenyewe, haina haraka.

Anza na upelelezi. Nasema hivyo kwa ujasiri, ingawa wapo wasomi wanaoukunjia uso. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar, alitoa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyokuwa imeshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali watu wanapopaogopa, na wengi wana jibu lao tayari. Anakuja Bwana Msa na kiko chake. Anakaa, anavuta, anauliza: nani alikuwa wapi, saa ngapi, nani anafaidika, nani maneno yake hayalingani na ya jana. Anauliza tu, mpaka majibu mepesi yanakwisha. Nani kati yetu hajawahi kukaa msibani akasikia sababu ya kifo inatangazwa kabla maiti haijaoshwa, na jina la jirani limeshatajwa chini kwa chini? Msome Bwana Msa, halafu kasikilize maneno ya msibani upya. Utajikuta na wewe unauliza. Na ukimpenda hutamkosa: yumo kwenye Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na Mwana wa Yungi Hulewa.

Kutoka hapo, njoo bara. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na Inspekta Wingo akaanza kazi katika mitaa ya Dar es Salaam. Kisha akaja Elvis Musiba, mfanyabiashara aliyewahi kuongoza chemba ya wafanyabiashara, TCCIA, na jasusi wake Willy Gamba. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa, na Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Hapo, mtu wa Ruangwa na Nachingwea, kaa vizuri. Wapigania uhuru hao hawakuwa watu wa kwenye vitabu tu. Kambi kubwa ya FRELIMO, wapiganaji wa Msumbiji, ilikuwa Nachingwea, kwenye mashamba yaliyobaki baada ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kuporomoka kufikia 1951. Samora Machel aliwafundisha askari wake huko. Wazee wetu waliwaona kwa macho. Kwa hiyo unaposoma jinsi siri za ukombozi zilivyokuwa zinawindwa, unasoma habari za watu waliokunywa maji ya visima vya huku. J. K. Kiimbila naye aliandika Ubeberu Utashindwa mwaka 1971, riwaya ya vita vya Msumbiji vyenyewe. Kisome hicho, kisha nenda kwa mzee yeyote mwenye umri wa kutosha, mpe shikamoo, umuulize anakumbuka nini ukimtajia Farm 17, kambi ile ya Nachingwea.

Baada ya Gamba, mtafute Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mtobwa, mtoto wa Kigoma aliyefariki 2008, aliandika kwa kasi na akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Dimbwi la Damu, Salamu Toka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu?: hivyo ni vitabu ambavyo zamani vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakachanika. Na msidhani mambo hayo yalikufa na wazee. Hussein Tuwa ameandika Mkimbizi na Mfadhili, hii ya pili wengine mlikutana nayo kidato cha tano na sita, na leo kuna umoja wa waandishi wa riwaya, UWARIDI, wanaochapisha na kuuza kazi zao wenyewe kwa bidii ya kupigiwa mfano.

Lakini labda bunduki na vitisho si mambo yako. Unataka nyumba, mapenzi, baba na binti. Hapo nakupeleka Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa kijijini Namagondo mwaka 1944, na hajafika miaka 30 akachapisha Rosa Mistika, mwaka 1971. Baba, Zakaria, anamkuta binti yake ameandikiwa barua na mvulana. Anamchapa. Anaamini kwamba kwa fimbo ile amemlinda, na tangu siku hiyo Rosa anakua akimwogopa kila mwanamume, hata wa kusalimiana naye. Kisha anaondoka nyumbani kwenda chuoni, kule ambako fimbo ya baba haifiki, na hana hata neno moja la kumsaidia kujilinda mwenyewe. Yanayofuata yasome mwenyewe. Kitabu hiki kilipotoka kilizuiwa shuleni, watu wakasema kinaharibu watoto. Baadaye kikaja kusomeshwa darasani. Mimi nasema kila mzazi wa Mandawa mwenye binti sekondari akisome, na akimaliza asikifiche, ampe huyo binti. Watakuwa na la kuzungumza ambalo fimbo haikuwahi kulisema.

Wapo wengine katika chumba hichohicho. Mohamed Suleiman Mohamed na Nyota ya Rehema, binti aliyedhulumiwa haki yake. Said Ahmed Mohamed na Utengano, ambamo Bwana Maksuudi, mwanasiasa mwenye heshima zake barabarani, anaitesa nyumba yake mpaka inasambaratika. Na msiwasahau wanawake walioshika kalamu, maana hao mara nyingi hawatajwi kabisa: Ndyanao Balisidya aliandika Shida mwaka 1975, Zainab Burhani akaandika Mali ya Maskini mwaka 1981, na Zainab Alwi Baharoon akatupa Mungu Hakopeshwa, iliyotwaa Tuzo ya Mabati-Cornell. Dada unayesoma hapa, ukiona jina la mwanamke kwenye jalada, lichukue. Kuna mambo ya ndani ya nyumba ambayo hao wanayajua.

Kwa wapenzi wa historia nitamtaja mtu mmoja kwanza: Adam Shafi. Kuli inakuingiza bandarini Zanzibar, kwenye migongo ya wapagazi na mgomo wao wa mwaka 1948. Kasri ya Mwinyi Fuad inakupeleka kwenye mashamba ya karafuu hadi Mapinduzi ya 1964. Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, ina Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, akatoroka, akakutana na Denge, kijana wa harakati. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu, ikaonyeshwa mpaka tamasha la Toronto kule Kanada. Dunia imekwisha kuitazama, na sisi ambao lugha ni yetu tunaisubiri nini? Mwaka huohuo wa 2021 Mzanzibari mwingine, Abdulrazak Gurnah, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Anaandika kwa Kiingereza, lakini Paradise yake imekwisha kuja nyumbani: Ida Hadjivayanis aliitafsiri, ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake, na misafara inaondoka pwani kwenda bara, katika nchi hii kabla ya vita vya 1914. Sisi tuliozaliwa kati ya Lindi na bara tunaijua njia ya misafara kwa majina ya vijiji.

Wazee nao wana zao. Aliyehamishwa kwenye Operesheni Vijiji, akaacha shamba na makaburi ya wazazi wake, akapangiwa makazi mapya kwenye mstari ulionyooka, msomeeni Gamba la Nyoka ya Kezilahabi au Njozi Iliyopotea ya Claude Mung'ong'o. Nasema msomeeni, kwa sauti, jioni, kama macho yake yamechoka. Hatakaa kimya. Atabishana na kitabu: "Hapo kakosea, sisi huku haikuwa hivyo." Mwacheni abishane. Mjukuu anayesoma atajifunza katika saa moja ile mambo ambayo hakuna mwalimu aliwahi kumwambia.

Na mkulima? Shaaban Robert alikufikiria zamani. Utubora Mkulima ni habari za karani aliyekataa kuongezewa mshahara, akaaga mjini, akaenda kulima. Ilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Vijana wetu wengi wanaona aibu jembe, wanahesabu siku za kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Soma kwanza kuhusu mtu aliyefunga safari ya kurudi. Huna haja ya kukubaliana naye. Bishana naye tu, ukijua hoja zake.

Nitapita haraka kwenye chumba cha maajabu, kwa sababu wanaokipenda hawahitaji kusukumwa. Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi inayoelea angani, na Karama akishitakiwa kwa kufundisha sheria. Walenisi ya Mkenya Katama Mkangi. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Nagona na Mzingile za Kezilahabi ni vitabu vyembamba vinavyodanganya macho: usianze navyo, utakata tamaa bure. Viwekee mwaka wa tatu wa safari yako.

Nikisikia mtu anasema hana muda wa kusoma, namkumbuka Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945, habari za Myombekere na mkewe Bugonoka waliokosa mtoto, na za watu wa kisiwa chao: ndoa zao, pombe zao, dawa zao, uvuvi wao. Hakuna aliyekubali kuichapisha kwa Kikerewe. Akakaa akaitafsiri yote kwa Kiswahili, mwenyewe, uzeeni, ukurasa baada ya ukurasa. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980. Kitereza akafariki 1981. Alisubiri miaka 35 ili wewe usome habari za mume aliyebeba pombe kwenda kwa wakwe kumrudisha mkewe, ucheke, usikitike, ujiulize maswali ya nyumba yako. Deni hilo linalipwa kwa kusoma tu.

Sasa tuseme mambo ya vitendo. Kanuni yangu ni moja: fuata jina. Ukikipenda kitabu, angalia jalada la nyuma uone ameandika vingine vipi, utafute cha pili cha mtu huyohuyo. Cha pili kikikuvutia, tayari una mwandishi wako. Ukichoka naye, tafuta mwingine wa aina ileile. Ukichoka na aina ile, vuka kwenda nyingine. Na kitabu kisipokushika baada ya sura mbili tatu, kiweke, chukua kingine. Hapa hakuna mtihani wala atakayekuuliza.

Fedha? Msimu unatuletea. Ufuta unauzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba, na mnada ukipita, fedha zinaingia. Riwaya moja ni kilo chache za ufuta. Maduka ya vitabu ya Dar es Salaam na waandishi wenyewe wanauza kwa simu: unatuma pesa, kifurushi kinapakiwa basi la Ruangwa, unapigiwa simu stendi, bodaboda anakileta Mandawa. Kama tunaagiza vioo vya simu na vipuri vya pikipiki kwa njia hiyohiyo, tutashindwaje kuagiza Kuli? Nunua nakala halali, usinunue iliyodurufiwa kwa mashine. Mwandishi anakula kwa nakala hiyo, na asipokula hataandika nyingine.

Msinunue mmoja mmoja. Tafuteni watu watano, kila mmoja anunue riwaya moja tofauti, na mtakuwa na tano. Nunueni daftari, choreni mistari: jina la kitabu, jina la aliyechukua, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mkabidhini mtu mmoja mkali, asiyeogopa kwenda kugonga mlango wa mtu kudai kitabu. Kila kitabu kivalishwe gazeti, majina yaandikwe kwa kalamu ya wino, na vyote vikae kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kichanja, maana mchwa wa huku hawachagui kati ya mlango na fasihi. Mkutane mara moja kwa mwezi, chini ya mkorosho wowote wenye kivuli, muulizane swali moja tu: umepapenda wapi, na kwa nini? Hakuna haja ya mgeni rasmi.

Kisha, katikati ya kusoma, utashangaa jambo. Riwaya nyingi nilizozitaja zinaanzia Unguja, Ukerewe au Dar es Salaam. Hakuna hata moja inayoanzia Mandawa. Mkoa wetu wa Lindi ulimzaa Ebrahim Hussein, aliyeandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969 na kuifanya Majimaji isomwe kote duniani. Lakini riwaya ya mnada wa korosho, ya mgawo wa fedha unaovunja ndoa, ya kijana aliyekwenda kuchimba madini asirudi, ya bibi wa Kimwera aliyekataa kuuza shamba la ukoo, hiyo inamsubiri mtu. Anayesoma riwaya 20 za wengine anaanza kusikia yake inagonga. Tuzo zipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imekuwa ikitolewa tangu 2023 na ina nafasi ya riwaya. Tuzo ya Safal-Cornell inapokea miswada ya Kiswahili. Wasimamizi hawaulizi unatoka kijiji gani. Wanauliza umeandika nini.

Basi kaka, dada, mjomba, shangazi: usisubiri mradi, usisubiri maktaba ijengwe. Fedha za msimu huu zikiingia, kabla hujanunua kitu kingine chochote, toa za kitabu kimoja. Kama hujui uanzie wapi, agiza Mzimu wa Watu wa Kale. Kisome chote, andika jina lako ndani, halafu mpe jirani wa upande wa kulia, na umwambie akimaliza ampe wa kwake.